Asiyeitika Salamu Kwenye Laini ya Chepsaita

Serikali imenipumzisha nikiwa bado na meno yote, na magoti yanayopanda nguzo haraka kuliko ya kijana yeyote wa ofisi ya simu hapa Eldoret. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu siku ya kuniaga mkubwa wetu alisoma karatasi nzima akitaja nilivyopandishwa cheo na nilivyopandishwa tena, asitaje hata nguzo moja. Mtu anapanda nguzo maisha yake yote, halafu anaagwa kama karani wa mihuri. Basi nguzo nitazitaja mwenyewe, na nyinyi vijana mtasoma, mpende msipende.

Nyinyi ndio mlionifanya nishike kalamu. Mlirudi kutoka kozi ya Nairobi na tai shingoni, mkasimamisha ubao katika chumba cha chai, mkaanza kutufundisha kwamba siku zinakuja ambapo kompyuta moja itaongea na nyingine kupitia waya, kama watu wawili. Mkachora viboksi. Mkaunganisha viboksi kwa mistari. Cherono, yule binti ambaye ndiye mwenye akili kati yenu (na hayo si mashindano makali), akauliza kama kuna swali. Mimi nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mandazi. Sasa mdomo hauna kitu.

Shule niliacha darasa la tatu, baada ya mwalimu na mimi kukosa kuelewana juu ya kiboko. Kazi ya simu niliingia kama kibarua wa kuchimba mashimo kando ya barabara ya Turbo, wakati Wazungu wanakaribia kufunga masanduku. Siku ya kwanza nilichimba shimo safi sana, refu kama mimi, mahali ambapo hakuna nguzo iliyokuwa inakuja. Msimamizi wetu, Fundi Gurnam, Mhindi wa kilemba cheupe na ndevu zilizofungwa kwa wavu, alikuja akasimama ukingoni.

"Wewe nachimba kaburi ya nani?"

"Yangu, Fundi, ukinifukuza."

Akacheka mpaka wavu ukalegea. Kwa kicheko hicho nikapata kazi ya maisha. Wengine huingia kwa vyeti.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Alinipa mkanda wa ngozi wa kupandia, plaisi iliyofungwa mpira, na kasimu kadogo ka kupimia kenye vibano viwili: unabana waya ukiwa juu ya nguzo, unasikia kila kitu. Alinifundisha kugusa waya kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, maana mtu wa mbali akizungusha mkono wa simu umeme unakuja, na kiganja kikikamatwa kinajifunga chenyewe, utabaki unacheza huko juu kama nguo kwenye kamba. Nilijaribu kiganja mara moja, kuthibitisha. Fundi Gurnam alisema kweli.

Na alinifundisha sheria ya laini ya pamoja, ambayo nyinyi mliichora kwa chaki ya rangi tatu mkidhani imezaliwa juzi. "Kwanza sikia," aliniambia. "Iko mutu? Ngoja. Hapana mutu? Ongea. Watu mbili naongea pamoja? Yote nyamaza, kila mutu ngoja kidogo, hapana ngoja sawasawa. Nyinyi nangoja sawasawa, nyinyi nagongana tena." Hiyo ndiyo kozi yangu yote. Sikupewa cheti wala chakula cha mchana.

Sasa nieleze laini yenyewe, kwa sababu kijana wa leo akiona simu anafikiri kila mtu huzaliwa na waya wake. Kutoka eksichenji ndogo ya Turbo, ambapo Peris alikaa mbele ya ubao wa kuchomeka akiwa na masikio ya chuma kichwani, waya mmoja ulitoka ukaenda mpaka Chepsaita. Mashamba yote ya njiani yalining'inia kwenye waya huo mmoja kama ndege. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake: huyu mmoja mrefu na miwili mifupi, yule miwili mirefu na mmoja mfupi. Peris akizungusha, simu zote zinalia katika nyumba zote, na wewe unahesabu. Mlio wako, unainua. Si wako, unaacha. Mlio mmoja mrefu sana, wa kuchosha, huo ni wa wote: moto, nzige, au mtu mkubwa amekufa. Nyinyi mnaita anwani. Sisi tuliita mlio, na hata mtoto na mbwa waliujua.

Sheria ilisema usiinue mlio usio wako. Sheria ilikuwa nzuri sana. Hakuna mtu niliyewahi kumwona akiifuata. Wazungu ndio walioanza, wale waliotufundisha ustaarabu. Mke wa shamba la kwanza alijua mimba ya ng'ombe wa shamba la mwisho kabla ya fahali mwenyewe. Walipoondoka waliacha simu ukutani, na waliokuja kuingia katika zile nyumba wakarithi simu pamoja na tabia. Kidogo kidogo waya ukajaa masikio ya kila lugha.

Na hapa kuna jambo ambalo hamkulichora ubaoni. Simu ikiinuliwa, inakunywa. Kila sikio linaloingia linakunywa sauti kidogo. Mawe ya betri katika zile simu yalikuwa madogo, waya mrefu, mvua inapiga vile vikombe vyeupe vya juu ya nguzo. Wawili wakisikiliza kwa siri, mnaongea bado. Nyumba nyingi zikiinua, sauti yako ikifika Turbo ni mbu. Yaani watu walikuwa wanamaliza maneno kwa kuyasikiliza. Nilirekebisha laini nyingi katika Uasin Gishu, na ugonjwa mkubwa haukuwa mvua wala ng'ombe kujikuna kwenye nguzo. Ulikuwa umbeya.

Basi ikafika ile Ijumaa.

Kulikuwa na shamba moja karibu na Chepsaita, la Mzungu mzee tuliyemwita Bwana Kofia. Alikuwa amehamia hoteli ya Nairobi, anangoja ndege ya kwao. Shamba alikubali kuuzia kikundi cha watu waliokuwa wakilifanyia kazi: wachunga ng'ombe, madereva wa trekta, mama wa maziwa, pamoja na Njuguna mwenye duka, aliyetoka Murang'a na baiskeli akabaki. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Kibor, nyapara wa ng'ombe tangu ujana wake. Watu hao walikuwa wanaishi ndani ya shamba lile. Walikuwa wamezika wazazi wao ndani ya shamba lile.

Mnunuzi mwingine alikuwa tajiri mmoja wa Elgon View. Jina silitaji, kwa sababu watoto wake ni wengi na wana mawakili. Tajiri huyo tayari alikuwa amenunua shamba la jirani na alitaka hili pia, bila watu. Alishasema wazi kwamba vibanda vitatoka kabla ya mbegu kuingia.

Sasa Bwana Kofia alipelekewa telegramu Nairobi ikisema kikundi kimegombana na kimevunjika. Nani aliituma? Siwezi kusema. Lakini ng'ombe hawajui kuandika. Mzungu akashtuka, akatuma habari kwa Njuguna, aliyekuwa na simu dukani: ataamini sauti ya Kibor mwenyewe, si karatasi tena, na iwe kabla ya saa sita ya Ijumaa. Asipoisikia, anatia sahihi kwa yule mwingine na kupanda ndege.

Asubuhi ile Njuguna alizungusha simu mpaka mkono ukauma. Peris alikuwa anamsikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Kuunganisha Nairobi kwa sauti hiyo, bure kabisa. Akaniita mimi. Aliniita mimi kwa sababu alijua nani ni fundi na nani amevaa sare tu.

Nilikuta watu wamejaa nje ya duka. Mzee Kibor amevaa koti zito la mvua na jua linawaka, kofia mkononi, kama mtu anayeenda kuonana na mtu.

"Waya umekatika?" Njuguna aliniuliza.

"Waya ni mzima. Nimeuangalia nikija."

"Basi ni nini?"

Niliinua simu nikasikiliza. Wakati laini iko tupu, inalia kwa mbali kama upepo ndani ya chupa. Hii haikulia. Ilikuwa inapumua.

"Kuna watu," nilisema.

"Nani?"

Hapo ndipo mtu wa kozi angetoa mita na kuandika namba. Mimi nilimpa Mzee Kibor simu. "Mzee, salimia."

"Nisalimie nani? Bwana Kofia hajaja kwa simu."

"Salimia tu. Salimia kama umeingia boma ya watu."

Akanitazama kama anapima kama nimekunywa. Halafu akajinyoosha, akaweka mdomo karibu, na kwa ile sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto akasema, "Chamgei!"

Na laini ikaitika. "Chamgei mising'!" Mmoja, wawili, wote kwa pamoja, wanawake na wanaume, kutoka kila nyumba ya njiani. Mwingine wa Kikuyu akasema, "Niko salama, Mzee, na wewe?" Halafu kimya cha watu waliokumbuka kwamba hawako hapo.

Mtu aliyelelewa hawezi. Unaweza kumfundisha kuiba maneno, kuziba mdomo na kitambaa, kushika pumzi. Lakini mzee akimsalimia, mdomo unaitika kabla ya kichwa kupiga kura.

Nje ya duka watu walicheka kwa mara ya kwanza. Mimi nilichukua simu. "Mama Jeptoo, nimekujua. Weka chini."

"Mimi nilikuwa nataka tu kujua saa."

"Saa ya kuweka chini. Mwalimu Rotich, hata wewe?"

"Nilisikia mlio wangu."

"Mlio wako haujalia tangu asubuhi, Mwalimu. Mama wa maziwa, maziwa yanachemka huko, nasikia. Na wewe uliyesema uko salama, kaa salama ukiwa umeweka simu chini."

Wakatoka mmoja mmoja, tik, tik, na kila mmoja akitoka sauti ya Peris inakuja mbele, kama mtu anayetembea kuelekea kwako. Lakini haikufika. Kulikuwa bado na mzigo mmoja kwenye waya.

"Mzee, salimia tena."

"Chamgei!"

Hakuna. Na bado kulikuwa na pumzi.

Mzee Kibor aliondoa simu sikioni, akaitazama. Nilimwona akikasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya shamba. "Kuna mtu," akasema polepole, "nimemsalimia mara mbili."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Shamba la tajiri lilikuwa la mwisho kabla ya Chepsaita, na karani wake alikuwa amekaa pale tangu alfajiri na simu wazi, haongei, haitiki, anakunywa tu. Hahitaji kukata waya. Anahitaji kukaa.

Sheria za ofisi zilisema huwezi kumkatia mtu simu bila karatasi kutoka Eldoret. Lakini sheria hizo hizo zilisema fundi anaweza kutenga kipande kigonjwa ili apime kilichobaki. Nilisoma madarasa matatu tu, lakini sentensi hiyo niliisoma vizuri. Nilipanda baiskeli mpaka lango la tajiri, nikavaa mkanda, nikapanda nguzo, nikafungua ule waya wake mdogo unaoshuka kwenda nyumbani. Nikabana kasimu kangu kwenye laini kubwa. Upepo ndani ya chupa. Safi.

"Peris," nikasema, "mpe Mzee Nairobi."

Karani akatoka nyumbani na mbwa wawili na suruali iliyopigwa pasi. "Wewe! Unafanya nini kwa nguzo yetu?"

"Nguzo ni ya serikali. Natafuta ugonjwa."

"Simu yetu imekufa!"

"Basi nimeupata."

"Nitampigia Mheshimiwa!"

"Piga," nilimwambia. "Tumia mbwa."

Kule juu nilikuwa nasikia Turbo wakiita Eldoret, Eldoret wakiita Nakuru, Nakuru wakiita Nairobi, kila mmoja akimgusa wa mbele na kungoja aseme nipo, kabla ya kumkabidhi mtu. Hakuna waya mmoja kutoka Chepsaita hadi Nairobi, vijana wangu. Kuna watu wanaokabidhiana. Halafu nikasikia sauti ya Kizungu, nyembamba. Tulikuwa na dakika tatu, ndizo Peris alizopewa.

Na Mzee Kibor akaanza kusalimia.

Akauliza hali. Akauliza usingizi wa hoteli. Akauliza kifua chake kinasemaje na baridi ya Nairobi. Akauliza yule mbwa, Rova, aliyezikwa nyuma ya ghala, kama Bwana bado anamwota. Mimi niko juu ya nguzo natokwa na jasho, mbwa wazima wanabweka chini, napiga kelele ndani ya kasimu ambako nilijua sitakiwi kuongea, "Mzee, sema neno! Sema neno lenyewe!"

"Nyamaza," Mzee Kibor aliniambia, kwa adabu yote. "Tunaongea."

Na Mzungu alikuwa anajibu. Akasema kifua ni kibaya. Akauliza mguu wa Kibor, ule uliokanyagwa na fahali. Akajibiwa ni upande gani unauma mvua ikija. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Ni wewe kweli."

Mimi nikaondoa mdomo kwenye kasimu. Nilikuwa nimedhani salamu zinakula dakika. Kumbe angesema neno lenyewe kwanza, lingekuwa telegramu nyingine, maneno yasiyo na mtu. Simu inaweza kuleta sauti. Kuleta mtu, hiyo Mzee Kibor aliifanya mwenyewe, kwa mbwa aliyekufa na mguu mbovu.

"Kikundi ni kizima," Mzee akasema. "Tunachukua shamba."

Na laini ikakatika.

Si kwangu. Nilipima pande zote mbili. Peris akaita Eldoret, wakajibu. Eldoret wakaita Nakuru, hakuna. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo huko Timboroa, na hakuna aliyejua kama neno lilipita kabla au lilianguka nayo.

Hapo, vijana, ndipo nilipojua kazi hii ni nini. Kutuma, mjinga yeyote anatuma. Shida ni kujua kama imefika. Nilirudi dukani. Saa sita ikapita. Karani wa tajiri akaja akasimama ng'ambo ya barabara, akawapungia mkono wale akina mama. "Mmeongea peke yenu!" akasema. "Mmeongea na mvua! Anzeni kufungua mabati!" Mama mmoja alikuwa ameshaanza kulia, bila sauti, akiendelea kufuma sweta.

Mchana ukaenda hivyo. Sasa, Eldoret kulikuwa na mashine ya kupiga matundu. Maneno yanakuja yamekuwa matundu kwenye utepe wa karatasi, unaurarua, unautundika kwenye msumari, njia ikifunguka unaulisha mashine nyingine unaenda mbele. Neno linaweza kulala njiani na kuamka. Nakuru walikuwa na utepe wetu kutoka Nairobi lakini hawakuweza kutupata kwa Timboroa, basi mtu wa Nakuru, ambaye sikuwahi kumwona na ningemnunulia nyama, akageuza utepe akaupeleka Kisumu. Kisumu wakaulaza kidogo, wakaupeleka Kakamega, Kakamega wakautupa Eldoret kwa mlango wa nyuma. Eldoret wakampigia Peris.

Peris alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye sheria yoyote. Alizungusha mlio wa wote. Mmoja, mrefu, wa kuchosha. Nyumba zote zikalia, na mara hii watu wote waliinua bila kuona haya, na laini ikajaa mpaka ikanyong'onyea, ikabidi apige kelele kama mtu aliye ng'ambo ya bonde:

"Kutoka Nairobi! Kwa Kibor! Nimesikia. Shamba ni lenu. Salimia wote."

Sijui kama mmewahi kusikia waya mzima ukilia. Mwalimu Rotich alikuwa anaimba wimbo wa kanisa. Mama Jeptoo alikuwa anauliza tena kwa sababu alitaka kulisikia mara ya pili. Mzee Kibor alivua lile koti, akalikunja, akamwambia Njuguna amtilie chai.

Nyumba moja tu haikupata habari hiyo. Ule waya mdogo nilikuwa nimeusahau wazi. Niliusahau mpaka wiki ya pili, tajiri mwenyewe alipolalamika Eldoret, na ofisi ikatuma fundi wake bora, yaani mimi. Nikaufunga. Kwenye ripoti nikaandika: kifaa hakikuitika kilipoitwa, kilitengwa ili laini ipone. Mkubwa wa wakati huo akasema ni ripoti nzuri sana ya kitaalamu.

Siku ya kuniaga, baada ya hotuba, nilimsimulia Cherono hadithi hii, nikijua nimemmaliza. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, hata zile mashine ndivyo. Kabla ya kutuma kitu zinaitana kwanza, kila moja inangoja ya pili iitike. Ikishafika inasema imefika."

Iliniuma kidogo. Nilikuwa nimedhani ni yetu peke yetu.

"Na ile isiyoitika?" nikamuuliza.

"Zinaihesabu haipo. Zinaendelea bila hiyo."

Nikamaliza chai yangu. Huyo binti mpeni mkanda wangu, uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nyinyi wengine mnaweza kugawana ubao.